Kozi za kabla ya uuguzi: ubebe zote ao mbili mbili, usome pekee ao na wengine

Wiki iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, alinitumia vokali ya dakika sita kutoka Marekani. Kwake ilikuwa karibu usiku wa manane, hapa Goma kulikuwa kunaanza kucha na mimi niko nakoroga uji wa watoto. Anasema, "Yaya, mimi nilikuja huku nisomee uuguzi, sasa mwaka mzima unaisha niko kwa atomi, seli na hesabu, mgonjwa hata mmoja sijamugusa. Nguvu imeniisha. Uniambie ukweli, wewe ulifanyaje?"

Nilisikiliza mara mbili kabla ya kujibu juu ile sauti naijua, ni sauti ya mtu mwenye hajashindwa masomo lakini ameanza kusahau kwa nini anasoma. Na si yeye peke yake, kila mwaka hapa Goma vijana wanakuja kuniuliza swali lile lile kwa maneno mengine: niingie sasa ao ningoje, nisome na wenzangu ao nijifungie, nitafute kazi ya hospitali ao nikae kwanza na silabusi. Nimeona heri niandike yote, hii njia na ile njia, mtu apime na maisha yake. Mimi ni muuguzi wa hapa, mambo ya Marekani nayaandika kufuata vile yanavyojulikana na vile mdogo wangu anayapitia.

Kwanza tuelewane vile mambo iko, juu huku na kule si sawa. Marekani kwa kawaida huwezi kuanza uuguzi wenyewe bila kupita kozi za msingi: anatomi na fizyoloji sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobioloji, shimi (wengine wanasema kemia), saikolojia, takwimu, Kiingereza cha kuandika, kila skuli na orodha yake. Pointi zako za hizo kozi zinapimwa pamoja na mtihani wa kuingia, skuli nyingi zinatumia wenye unaitwa TEAS, maswali 170 ya kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Ukikubaliwa ndio unaanza kuvaa nguo ya uuguzi. Iko digrii fupi ya karibu miaka miwili na iko ndefu yenye kwa jumla ni miaka minne, na zote mbili zinakufikisha kwa mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN.

Hapa kwetu mtoto mwenye alipita ITM, ile sekondari ya uuguzi, anatoka na A2, diplome yake ya muuguzi, na mikono yake imeshazoea wodi. Lakini mwenye alifanya pedagojia, komersiali ao literatire, akapata diplome ya serikali, akajiandikisha ISTM, chuo cha juu cha mambo ya afya, anakuta mwaka wa kwanza umejaa anatomi, biyoshimi, fizyoloji, na hakuna mtu anamuuliza kama anataka kozi mbili ao sita. Kwa LMD, mfumo wa masomo wa vyuo vyetu, mwaka ni kredi 60, unabeba zote. Kwa hiyo kuchagua kwetu kunafanyika kabla ya mlango: uingie mara moja, ao uchukue mwaka wa kujitayarisha, iwe kwa preparatwari, darasa la kujitayarisha, pale chuo kinayo, iwe nyumbani na mtu wa kukufundisha.

Kubeba zote ao mbili mbili

Nianze na Marekani, juu pale hesabu inaonekana wazi. Mwanafunzi wa muda wote anabeba angalau kredi 12 kwa semesta. Walimu wanasema kwa kila kredi moja uhesabu saa mbili hivi za kusoma nyumbani kwa wiki, kwa kozi za labo hata tatu. Kwa hiyo kredi 12 ni saa 12 za darasani na 24 za nyumbani, jumla 36. Mdogo wangu anafanya kazi saa 40. Hiyo ni 76. Wiki nzima iko na saa 168, toa usingizi wa saa saba kila siku, yaani 49, anabaki na 43, karibu saa sita kwa siku, na ndani ya hizo sita iko watoto wawili, kupika, kufua, basi, kanisa, na simu za sisi wa huku tunamuomba hiki na kile. Semesta iliyopita alibeba hivyo, anatomi, shimi, Kiingereza na takwimu pamoja, kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, yenye imejazwa makala ya kupikia mpaka msukumaji haoni mbele. Haikuanguka. Lakini alitoka na C kwa anatomi, na ile C inamuuma kuliko uchovu.

Akibeba mbili, tuseme anatomi ya kredi 4 na saikolojia ya kredi 3, ni saa 21 kwa wiki. Pamoja na kazi 61. Anabaki na saa 58 za maisha. Tofauti ya saa 15 kwa wiki, na mtu mwenye watoto anajua saa 15 ni nini.

Lakini nisiseme kama vile mbili mbili haina shida. Shida yake kubwa ni muda unavuta. Kozi nane kwa mbili mbili ni semesta nne, miaka miwili kabla hata hujaingia. Na skuli nyingi kule hazikubali kozi za sayansi zenye zimepita miaka mitano, zingine saba, kwa hiyo ukianza ukaacha ukarudi unaweza kukuta anatomi yako imekufa na unapaswa kuirudilia. Msaada wa serikali nao unafuata kredi, ukishuka unapungua, na ukienda chini ya kredi 6 hupati mkopo wa wanafunzi wa serikali kuu. Kubeba zote kunakuokoa na hayo. Tena iko watu wenye moto wao unawaka vizuri wakiwa wamebanwa, ukiwapa nafasi wanalala. Ukijijua uko hivyo na hauna mtoto wala kazi ya saa 40, beba zote, usiogope.

Kwa wengine wote mimi nasema mbili, lakini si mbili zozote. Nzito moja na nyepesi moja. Anatomi na saikolojia, mikrobioloji na takwimu. Usiweke kozi mbili za labo semesta moja ukiwa unafanya kazi, juu wiki ya mitihani zote mbili zinakuja siku moja na hapo ndipo watu wanafuta kozi. Na usishuke mpaka moja moja kama si lazima. Nane kwa moja moja ni miaka minne, na hakuna mtu namjua mwenye hamu yake ilikaa miaka minne ikingoja.

Na kuna kitu watu wanakisahau: kule skuli za uuguzi zinashindanisha waombaji kwa pointi, na nyingi zinaweka mpaka wa mara ngapi unaweza kurudilia kozi moja. A yenye ilichelewa semesta moja inakufungulia mlango kuliko C yenye iliwahi. Hilo nilimwambia mdogo wangu wazi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mambo ya kubeba kozi nyingi semesta moja yaishe tu." Nilifurahi kusikia hivyo.

Sasa kwetu. Mimi niliingia mara moja, nimetoka pedagojia, shimi niliifanya kidogo sana kwa sekondari, mwalimu alikuwa anakosa mwezi mzima. Mwaka wa kwanza intero (jaribio la darasani) ya kwanza ya shimi nilipata 7 kwa 20. Egzame, 8. Nilienda sesyo ya pili nikaokoka na 11, lakini ile likizo nzima nilikuwa naamka saa kumi za usiku na kujiuliza kama baba alilipa minervali, pesa ya chuo, bure. Rafiki yangu wa kartie moja, yeye hakuingia. Alichukua mwaka, mchana anauza vitambaa Birere, jioni mara tatu kwa wiki analipa kijana wa chuo amufundishe shimi na biyoloji. Mwaka uliofuata aliingia, na mambo yenye mimi niliyaona kama Kichina yeye alikuwa anayaandika huku anatabasamu.

Basi kila mtu achukue mwaka? Hapana. Juu najua pia wengine watatu wenye walisema "mwaka moja tu", na mwaka ukawa mitatu, mmoja aliolewa, mmoja alizoea pesa ya duka, mmoja sijui hata nguvu yake ilienda wapi. Tofauti yao na yule rafiki yangu niliiona vizuri: yeye alikuwa ameshalipa mwalimu na ameandika tarehe ya kujiandikisha kwa ukuta wa chumba, kwa chaki. Wao walikuwa na nia tu. Mwaka wa kujitayarisha bila mwalimu na bila tarehe ni kuacha masomo pole pole, na nasema hivi kwa uchungu juu wale watatu walikuwa na akili kunishinda.

Tena sisi wa Goma tuna hesabu yenye wa Marekani hawana. Mwezi wa kwanza 2025 vita ilipoingia muji, masomo yalisimama, hospitali zilijaa majeruhi, wengine walikimbia hata madaftari wakaacha. Mwenye alikuwa anategemea kumeza kila kitu wiki mbili za mwisho kabla ya egzame alipoteza yote. Mwenye alikuwa anasoma kidogo kila siku alirudi na kitu kichwani. Hapa kwetu usome kama vile wiki kesho inaweza kufungwa, hata ukiwa umebeba kozi zote za kredi 60.

Pekee ao kikundi

Hapa watu wanabishana sana na mimi naona wote wanasema nusu ya kweli. Iko mambo ya kukariri na iko mambo ya kuelewa, na hayo mawili hayasomwi namna moja.

Kukariri, kaa pekee. Mifupa 206, jozi 12 za neva za kichwa, majina ya misuli, hakuna mtu atakukaririsha. Nilikata katoni za sabuni vipande vidogo, upande moja jina, upande mwengine mchoro, naweka kwa mfuko wa kitenge. Mkono, kutoka kifundo mpaka vidole, una mifupa 27, nane yake iko kwa kifundo, hiyo nane niliijua nikiosha vyombo, natoa kipande kimoja, nataja, nageuza. Dakika ishirini kila siku. Siku umeme haupo haina shida, katoni haiombi chaji. Na usisome tu ukipita na macho, maana macho yanakudanganya kwamba unajua: funga, jiulize, kosea, fungua.

Kuelewa ni kitu kingine. Mzunguko wa damu niliusoma pekee mara nne na kila mara nilikuwa naona mishale nyekundu na ya bluu tu. Tulikuwa kikundi cha watu wane, tunakutana parsele moja Ndosho. Siku moja mwenzetu mmoja alifika na moyo wa ng'ombe, ameununua kwa muuza nyama soko ya Virunga, umefungwa ndani ya sashe nyeusi. Tukauweka kwa beseni, tukakata. Upande wa kushoto nyama yake ilikuwa nene karibu mara tatu ya upande wa kuume, niliibana katikati ya vidole viwili, kuume laini, kushoto kama kisigino. Mmoja akauliza kwa nini, na kabla mtu hajafungua silabusi mwengine akajibu: kuume unasukuma mpaka kwa mapafu tu, hapo karibu, kushoto unasukuma mpaka kwa vidole vya miguu. Kisha tulimwaga maji na chupa ndani ya ule mshipa mkubwa wa kutokea, aorta, na maji ikasimama. Haikushuka. Vipande vitatu vidogo vya vali vilikuwa vimejifunga kama mifuko ya shati. Tulikaa kimya tunaangalia ile maji. Mpaka leo mgonjwa wa vali akinieleza vile anahema usiku, naona lile beseni.

Hiyo ndiyo kikundi kinaweza kukupa na chumba chako hakiwezi. Lakini kikundi kina magonjwa yake. Watu saba ni soga, watatu ao wane wanatosha. Iko mwenye atafika hajasoma kitu anataka mumulishe, iko mwenye anajua yote na hanyamazi, iko siku nzima inaisha kwa mambo ya nani amechumbiwa. Sheria yetu ilikuwa moja: unafika umesoma, silabusi inafungwa, kila mtu anasimama anaeleza na kinywa chake kitu kimoja, wengine wanamuuliza kama watoto. Ukishindwa kueleza, hujaelewa, hakuna aibu, unarudi nacho nyumbani. Na tulikuwa tunamaliza kabla ya saa kumi na mbili jioni juu wasichana walipaswa kufika kwao salama, hilo halijadiliwi.

Mdogo wangu anasema huko kila mtu anakimbia, hakuna wa kukutana naye. Nilimuuliza, kwa darasa lenu hakuna mwengine mwenye lugha yake ya kwanza si Kiingereza? Akasema wako wawili, mmoja Msomali, mmoja wa Burundi. Basi hao ndio kikundi. Yule wa Burundi wanaelezana fizyoloji kwa Kiswahili kwa simu wakirudi kazi, kisha wanarudia kwa Kiingereza, na hiyo kurudia kwa lugha mbili ni kama kusoma mara mbili bila kuchoka.

Kuhusu video za telefone sitaandika mengi. Zinasaidia kwa vitu vyenye vinatembea, kama vile msuli unavyojikaza. Lakini hapa mega zinaisha, na hata pale zisipoisha mtu anaangalia video tano anajiona amesoma na hajaandika hata mstari. Moja, kisha chora mwenyewe.

Kukaa mbali na wodi ao kuisogelea

Hapa ndipo naweka moyo wangu wote juu naamini hapa ndipo hamu inakufa ao inapona. Watu wanafikiri kozi za msingi zinachosha juu ni ngumu. Mimi nimeona watu wanabeba vitu vigumu kuliko hivyo na hawalalamiki. Zinachosha juu ziko mbali na mgonjwa, unasoma sodiamu na hauoni sura ya mtu.

Nieleze vile shimi ilinirudia. Mwaka wa pili nilikuwa staji, mazoezi ya kazi, kwa kituo cha kolera. Wenye wanaijua Goma wanajua kolera si hadithi hapa, watu wengi wanachota maji kwa ziwa na bidoo, na wazazi wetu wanakumbuka mwaka 1994 wakimbizi walivyofika kutoka Rwanda na karibu 50,000 walikufa kwa mwezi mmoja, wengi kwa kolera na kuhara damu. Basi waliniletea mama moja, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inakaa imesimama. Alianzishiwa serumu, ringa, na alipoanza kuweza kumeza niliambiwa nimutayarishie SRO, ile dawa ya chumvi na sukari ya kunywa. Nilikata sashe nikamwaga ndani ya lita moja ya maji safi, na nikiwa nakoroga macho yangu yakaangukia maandishi nyuma ya sashe: kloridi ya sodiamu gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5, sitrati 2.9. Ile ile shimi yenye ilinipa 7 kwa 20.

Nikauliza muuguzi mkubwa wa zamu, mama, hii sukari ni ya kumupa nguvu? Akanijibu huku anaangalia serumu, hapana mwanangu, hiyo sukari ni ufunguo. Akanieleza: sumu ya kolera inafungua milango ya matumbo chumvi inatoka na maji inaifuata, na hauwezi kuifunga hiyo milango kwa haraka. Lakini iko mlango mwengine kwa ukuta wa utumbo wenye kolera haiuharibu, na ule mlango haupitishi sodiamu pekee, unataka glukosi pamoja nayo. Glukosi moja inaingia na sodiamu mbili, na maji inafuata nyuma. Ndio maana ukizidisha sukari unaharibu, na ukiweka chumvi bila sukari haisaidii. Kipimo ni kipimo. Yule mama kesho yake alikuwa amekaa anaomba bugali.

Kutoka siku ile sijawahi kuuliza tena shimi ni ya nini. Na hesabu vile vile: lita moja ya serumu kwa saa nane, kifaa cha matone 20 kwa mililita, ni 1000 mara 20 gawa kwa dakika 480, matone 42 kwa dakika. Unasimama na saa ya mkono unahesabu. Ukikosea ukaizidisha mara mbili kwa mtoto mdogo unaweza kumujaza mapafu maji. Hiyo hesabu haikuchoshi, inakuogopesha vizuri.

Kwa hiyo nalinganisha hivi. Kukaa mbali na wodi mpaka umalize kozi za msingi, faida yake ni muda na usingizi, na pointi zinaweza kupanda. Kuisogelea mapema kunakula muda lakini kunakupa sababu. Kama hamu yako ingali na nguvu, kaa mbali kwanza, soma. Kama imeanza kuzima kama ya mdogo wangu, sogea, hata saa chache.

Vile vya kusogea: hapa Goma si rahisi mtu wa nje kuruhusiwa kwa wodi, na sitaki mtu aende kudunga watu sindano kabla ya kufundishwa, hiyo ni hatari na ni kosa. Lakini kuna kazi zenye hazihitaji diplome: kusaidia kampeni za chanjo kutembea nyumba kwa nyumba, Msalaba Mwekundu, relé komunotere, yule msaidizi wa afya wa kartie mwenye anafundisha kutia dawa ya maji. Nilimuona mwanafunzi moja wa preparatwari anafanya hiyo ya dawa ya maji Jumamosi, na mikrobioloji yake ilikuwa na uso.

Marekani iko njia nzuri zaidi, cheti cha CNA, msaidizi wa muuguzi. Sheria yao inaomba mafunzo ya angalau saa 75, majimbo mengine yanaomba zaidi. Mdogo wangu anafanya kazi ya ghala, anabeba makatoni. Kwa sasa ghala inamulipa juu kidogo kuliko CNA ingemulipa, na hiyo tofauti ya pesa inahesabika nyumbani kwake, siwezi kumuambia aidharau. Tena kazi ya CNA ni nzito, kugeuza wazee, kuwaosha, mgongo unauma, na wengine wanagundua pale pale kwamba uuguzi si wao. Hata hilo naona ni heri, ulijue na saa 75 kuliko ulijue baada ya miaka minne. Lakini mwenye ni wake, siku ya kwanza anamusaidia mzee kukaa na mzee anamushika mkono, anatomi inabadilika usiku ule ule.

Kama ningekuwa wewe

Ukiwa Marekani na watoto na kazi: mbili mbili, nzito na nyepesi, na ile saa 15 yenye inabaki usiimalize yote kwa zamu za ziada, peleka sehemu kwa mafunzo ya CNA. Ukiwa kijana bila mzigo, beba zote umalize, lakini anatomi ya kwanza iwe ya kwanza kweli, juu ya pili haianzi bila hiyo. Ukiwa Goma ao Bukavu umetoka opsyo yenye haina sayansi na wazazi wanaweza kuvumilia, chukua mwaka, na kabla ya kuwaambia "nachukua mwaka" uwe umeshapata mwalimu na tarehe. Kama hawawezi kuvumilia, ingia, na wiki ya kwanza kabisa tafuta watu wawili wa kusoma nao, usingoje 7 kwa 20 ikutafutie. Na mwenye amefika mahali anaamka usiku anajiuliza kama pesa ya wazazi inapotea, asibadilishe chuo kwanza wala asifute kozi. Aende mahali pa wagonjwa asubuhi moja, akae, aangalie, kisha aamue.

Mdogo wangu amejiandikisha mikrobioloji na takwimu kwa semesta inayokuja. CNA bado anapiga hesabu na mume wake, naelewa. Usiku wa jana alinitumia picha ya sashe ya SRO yenye aliipata kwa duka la dawa kule, ameigeuza upande wa nyuma, ameweka duara na kalamu kwa neno glukosi.

Na hapa Goma vijana wane wa mwaka huu wanakuja kwangu Jumapili baada ya misa, tunaanza figo. Nimeshamuambia muuza nyama aniwekee mbili za mbuzi, nzima, asizikate.